Ni maumbile au ni mazoea? Swali la Wagiriki wa kale ambalo bado lina makali

Mfalme Darius wa Uajemi aliwaita Wagiriki waliokuwa katika jumba lake akawauliza swali la ajabu: wangetaka walipwe pesa ngapi ndipo wakubali kula maiti za baba zao? Wakamwambia hakuna pesa duniani ingewafanya wafanye hivyo.

Darius hakuishia hapo. Akaita watu wa jamii moja kutoka India, Callatiae, ambao kwao kula mwili wa mzazi aliyefariki ndiyo ilikuwa heshima yake ya mwisho. Wagiriki wakiwa papo hapo, mkalimani akiwatafsiria, mfalme akauliza: na nyinyi, mngetaka kiasi gani ndipo mkubali kuwachoma baba zenu kwa moto? Wale jamaa wakapiga ukelele. Wakamsihi anyamaze, asitamke jambo chafu kama hilo. Na kumbuka, kuchoma maiti ndiyo yalikuwa mazishi ya heshima kwa wale Wagiriki waliosimama kando.

Stori hii imo katika kitabu cha Herodotus, aliyeandika zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Yeye aliona kwamba ukiwapa watu wa kila taifa nafasi ya kuchagua desturi bora kuliko zote duniani, kila mmoja atarudi na zile za kwao.

Unaweza kuichukua kama somo la kuheshimiana tu, ukaendelea na siku yako. Lakini ina mwiba ndani. Kila upande pale ulikuwa na uhakika kwamba unachofanya ndicho sahihi, ndicho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Kumbe ni mazoea. Sasa swali: ni mangapi mengine tunayoyaita “maumbile” ambayo ni mazoea yaliyovaa koti la maumbile?

Wagiriki wa karne ya 5 KK walilishika swali hilo wakalivuta kila upande. Wengine walilitumia kusema watu wote ni sawa. Wengine walilitumia kuchinja mji mzima. Ndiyo maana nataka tulizungumzie taratibu.

Maneno mawili

Walikuwa na maneno mawili. La kwanza, physis, ni maumbile: jinsi kitu kilivyo chenyewe, hata kama hakuna mtu wa kukitazama. La pili, nomos, ni pana kidogo. Sisi tunatenganisha sheria, mila, desturi na itikadi. Wao walikuwa na neno moja linalobeba yote hayo: kila kitu ambacho watu wamekubaliana au wamezoea.

Kwa nini swali hili likalipuka wakati ule? Kwanza, walisafiri. Wagiriki walikuwa na miji kuanzia Bahari Nyeusi hadi kusini mwa Italia, na baharia anayezunguka bandari hizo anaona haraka kwamba jambo la aibu hapa ni jambo la fahari kule. Pili, walitunga sheria wenyewe. Athens ilikuwa na bunge la wananchi, na maamuzi yake yalichongwa kwenye mawe yakianza kwa kutamka kwamba baraza na wananchi wameona vyema iwe hivyo. Ukisoma jiwe kama hilo kila siku sokoni, huwezi kuamini ati sheria ilidondoka kutoka mbinguni. Unajua ni mjomba wako na jirani yake walionyoosha mikono.

Tatu, walikuwepo walimu wa kulipwa, Wasofisti, waliozunguka mji hadi mji wakifundisha vijana wa matajiri kuzungumza na kubishana. Vijana walitaka kushinda kesi na kura. Walimu waliwafundisha pia kuuliza.

Na tusijifanye mambo haya ni ya mbali sana. Neno letu “falsafa” ni la Kigiriki lililopitia Kiarabu. “Kanuni” nalo ni hivyo hivyo. Ukimwambia mtu afuate kanuni, umeazima neno kutoka kwa hao hao waliokuwa wakiuliza kanuni zilitoka wapi.

Falsafa iliyookotwa jaani

Mmoja wa Wasofisti hao aliitwa Antiphon. Aliandika kitabu juu ya Ukweli, kikapotea. Kisha wataalamu wawili kutoka Oxford, Grenfell na Hunt, wakaanza kuchimba majaa ya taka ya mji wa kale wa Oxyrhynchus nchini Misri mwishoni mwa karne ya 19. Katika takataka hizo kulikuwa na vipande vya karatasi za mafunjo, na mwaka wa 1915 vipande vya Antiphon vikachapishwa. Yaani mawazo yake yamefika kwetu kupitia jaa.

Antiphon alianza na jambo rahisi. Sheria za mji, anasema, ni za kukubaliana. Za maumbile hazikukubaliwa na mtu, zipo tu. Ukivunja sheria ya mji na hakuna aliyekuona, umepona: hakuna faini, hakuna aibu. Lakini ukienda kinyume na maumbile, unaumia hata kama dunia yote imelala.

Fikiria mkanda wa gari. Abiria wa matatu anaufunga akiona polisi mbele, anaufungua wakishapita. Sheria ya faini inahitaji shahidi. Lakini gari likigonga, kichwa chake hakitauliza kama kuna polisi. Antiphon alikuwa akiongea juu ya tofauti hiyo hasa.

Kutoka hapo akapiga hatua iliyokuwa hatari zaidi. Wagiriki waligawa dunia mara mbili: sisi, na wale wasiosema Kigiriki, ambao waliwaita kwa jina la kuwadharau. Pwani yetu nayo ilikuwa na neno kama hilo, “mshenzi”, lililotumika kwa mtu wa bara. Antiphon akauliza, tofauti iko wapi? Sote tunavuta hewa kwa pua na mdomo. Sote tunashika kwa mikono na kutembea kwa miguu. Tukifurahi tunacheka, tukiumia tunalia. Kwa maumbile hakuna Mgiriki wala asiye Mgiriki. Mpaka huo ni wa kuchorwa.

Usisahau alikuwa akisema hayo katika jamii iliyoendeshwa na watumwa, na wengi wao walitoka kwa hao hao “wasiosema Kigiriki”.

Aristotle anatusimulia mfano mwingine wa Antiphon ambao mimi naupenda sana. Chukua kitanda cha mbao, ukizike ardhini. Tuseme kikioza kingeweza kuchipua. Kitakachochipua ni mti, si kitanda. Mbao ndiyo maumbile; kitanda ni wazo la fundi lililowekwa juu yake. Ukijiuliza ni kipi kati ya mambo yako kingechipua ukikizika, utaanza kupunguza orodha haraka.

Noti ya elfu moja

Hapa wengi hufanya kosa moja. Wakisikia kwamba kitu ni cha makubaliano, wanakurupuka na kusema basi ni feki. Ngoja kwanza.

Pesa kwa Kigiriki iliitwa nomisma, neno lililozaliwa na nomos, na Aristotle mwenyewe aliueleza uhusiano huo: pesa ina thamani kwa sababu tumekubaliana, si kwa maumbile, na tunaweza kuibadilisha au kuifanya isiwe na maana tena. Mkenya aliyekuwa na akili zake mwaka wa 2019 hahitaji kufundishwa hili. Benki Kuu ilitoa noti mpya, ikasema noti ya zamani ya shilingi 1,000 mwisho wake ni Septemba 30. Tarehe moja Oktoba karatasi ilikuwa ile ile, rangi ile ile. Kilichobadilika ni makubaliano tu, na aliyekuwa amezificha chini ya godoro akabaki na picha.

Lakini je, noti ya Septemba 29 ilikuwa feki? Ilinunua unga. Ililipa kodi ya nyumba. Mimi niliacha chuo kabla ya kufuzu, na najua vizuri kwamba cheti hakichipui ukikizika. Najua pia kwamba mwajiri anayekitaka atakitaka, nipende nisipende. Kitu cha makubaliano kinaweza kukupiga kama jiwe. Tofauti yake na jiwe ni kwamba kilitengenezwa, na kilichotengenezwa kinaweza kutengenezwa upya.

Protagoras wa Abdera alilijua hilo. Katika hadithi ambayo Plato anamsimulisha, wanyama waligawiwa manyoya, kucha na mbio, binadamu akaachwa uchi. Prometheus akamwibia moto na ufundi. Bado haikutosha: watu walikusanyika mijini ili wajikinge na wanyama, wakaanza kudhulumiana wao kwa wao. Ndipo Zeus akamtuma Hermes awapelekee haya na haki, na agizo lilikuwa kwamba zigawiwe kila mtu, si wataalamu wachache kama udaktari. Ukiivua miungu, hoja inabaki: maumbile pekee yalituacha uchi. Kilichotuokoa ni kukubaliana.

Simba na kondoo

Sasa tuje kwenye upande wenye giza.

Katika kitabu cha Plato kiitwacho Gorgias kuna kijana wa siasa, Callicles. Huyu anakubali kwamba sheria ni za watu tu, lakini anatoka na hesabu tofauti kabisa. Nani alitunga sheria za usawa? Wanyonge, anasema, kwa sababu ni wengi na wanaogopa. Wanawachukua watoto wenye nguvu kama watu wanaofuga simba wadogo, wanawaimbia nyimbo za usawa mpaka wanalegea. Maumbile yanasema kingine: mwenye nguvu achukue zaidi. Tazama wanyama. Tazama mataifa.

Unamjua huyu jamaa. Bado yuko, anauza kozi mtandaoni za kuwa “mwanaume halisi”, na bado anatoa mifano ya simba.

Jibu la Socrates lilikuwa fupi na la kuudhi. Kama mwenye nguvu ndiye mwenye haki, basi wengi wakiungana si ndio wenye nguvu kuliko mmoja? Na wengi wanasema usawa ni haki. Kwa hiyo kwa hesabu yako mwenyewe, Callicles, usawa ni wa maumbile. Callicles alikasirika, akaanza kubadilisha maana ya “nguvu”.

Kitabuni ilikuwa mabishano. Nje ya kitabu, mwaka wa 416 KK, Athens ilipeleka meli kwenye kisiwa kidogo cha Melos kilichotaka kubaki bila upande katika vita vyake na Sparta. Mwanahistoria Thucydides aliyaandika mazungumzo ya pande mbili kabla ya mapigano. Watu wa Melos waliongea juu ya haki. Wajumbe wa Athens wakawaambia waache hizo: haki huzungumzwa kati ya walio sawa kwa nguvu, na kutawala pale unapoweza ni maumbile, kwa miungu na kwa binadamu, na wao hawakuwa wa kwanza kufuata njia hiyo.

Melos ilikataa kusalimu amri. Ilizingirwa, ikaanguka. Athens iliwaua wanaume wazima wote walioshikwa, ikawauza wanawake na watoto utumwani, kisha ikaleta walowezi wake 500 kukaa katika nyumba zao.

Angalia vizuri kilichotokea. Hao walikuwa raia wa mji uliojua kuliko mji wowote kwamba sheria hutungwa na watu. Nyumbani kwao walipiga kura juu ya kila kitu. Lakini walipotaka kufanya jambo ambalo lisingestahimili swali, hawakusema “tumeamua”. Walisema “ni maumbile”. Neno hilo liliwatoa lawamani. Ukisema mvua imeharibu nyumba, hakuna wa kushtaki.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka wa 405 KK, meli za Athens ziliangamizwa huko Aegospotami. Xenophon anasimulia kwamba usiku habari zilipofika mjini hakuna aliyelala. Waliwalilia waliokufa, na waliogopa kwamba sasa watafanyiwa yale waliyowafanyia watu wa Melos. Ghafla hakuna aliyetaka kusikia habari za maumbile.

Mungu aliwaacha wote huru

Swali lile lile, mikononi mwa mtu mwingine, lilifanya kazi nyingine. Kwa karne nyingi Sparta ilikuwa imewashika watu wa Messenia kama watumwa wa mashambani. Karibu mwaka wa 370 KK jeshi la Thebes liliwakomboa, na Sparta ikadai warudishwe. Msemaji aitwaye Alcidamas akaandika hotuba ya kuwatetea. Hotuba yenyewe imepotea, lakini hoja yake moja imehifadhiwa: kwamba Mungu aliwaacha watu wote huru, na maumbile hayakumfanya mtu yeyote kuwa mtumwa.

Wahenga wetu walituachia kwamba mwacha mila ni mtumwa. Huko Messenia mambo yalikuwa kinyume: mila ndiyo iliyowafanya watumwa, na kuiacha ndiko kulikuwa uhuru.

Aristotle aliwajua watu wenye msimamo kama huo. Katika kitabu chake cha Siasa anaeleza kwamba wapo wanaosema utumwa ni wa sheria tu, si wa maumbile, kwa hiyo si haki. Kisha anawapinga. Wapo watu, anadai, ambao kwa maumbile wanafaa kutawaliwa, na kutawaliwa ni kwa faida yao. Lakini hata yeye anakwama njiani. Anakiri kwamba maumbile yangependa mwili wa mtumwa uwe tofauti na wa mtu huru, ila mara nyingi inatokea kinyume. Yaani ukiwatazama, huwezi kuwatofautisha! Na katika wosia wake ulionakiliwa na waandishi wa baadaye, aliagiza baadhi ya watumwa wake waachwe huru. Kama walikuwa watumwa wa maumbile, karatasi ingewabadilishaje?

Hoja hiyo mbovu iliishi muda mrefu kuliko mwenyewe. Mwaka wa 1550 na 1551, huko Valladolid nchini Uhispania, ulifanyika mjadala kuhusu wenyeji wa Amerika. Juan Ginés de Sepúlveda, aliyekuwa amekitafsiri kitabu hicho cha Aristotle kwa Kilatini, alikitumia kudai kwamba watu hao ni watumwa wa maumbile. Padri Bartolomé de las Casas alimpinga. Wakati wanabishana, watu walikuwa wanakufa migodini.

Kipara na fundi viatu

Basi mtu akikwambia jambo fulani ni maumbile, utafanyaje? Huwezi kukataa kila kitu. Njaa ni maumbile. Kifo ni maumbile. Watu kweli wanatofautiana.

Plato alitoa njia ambayo haijazeeka, na aliitoa alipokuwa akibishana kwamba wanawake nao wanaweza kuwa walinzi na watawala wa mji. Alijua atachekwa. Akajibu kwanza kwamba hata kufanya mazoezi uchi kulichekwa Wagiriki walipoanza, kisha kukazoeleka. Halafu akaja na hoja yenyewe: wapinzani wanasema mwanamke na mwanamume wana maumbile tofauti, kwa hiyo kazi tofauti. Sawa. Mwenye kipara na mwenye nywele nao wana tofauti ya maumbile. Je, vipara wakiwa mafundi viatu, tuwakataze wenye nywele kushona viatu?

Tofauti inaweza kuwa ya kweli na bado isihusike na jambo linaloamuliwa. Anayetaka kukufungia mlango kwa jina la maumbile ana kazi mbili: aonyeshe tofauti ipo, kisha aonyeshe inahusikaje na mlango huo. Wengi hufanya ya kwanza na kutoroka ya pili.

Tunasikia hayo majumbani mwetu kila wiki. Binti harithi shamba, ndivyo ilivyo. Mwanamume haingii jikoni, ndivyo alivyoumbwa. Watu wa kabila fulani wana damu ya wizi, wale wengine wana damu ya uongozi. Usikimbilie kumtukana mzee aliyesema. Muulize kwa heshima, kama Darius alivyouliza pande zote mbili: je, kuna mahali watu wanaishi tofauti na hilo na mbingu haijaanguka? Muulize kuhusu kipara na viatu. Kisha, kama wale waliozingirwa Melos, angalia anayesema “ni maumbile” atapata nini ukikubali.

Na ukigundua kwamba jambo ni la makubaliano, kazi haijaisha. Kuna makubaliano ya kulinda kwa meno, kama lile la kwamba mnyonge naye ana haki mahakamani. Kuna ya kubadilisha. Wale watu wa Athens, wakiwa na akili zao za nyumbani, walijua namna: unakwenda pale watu wanapokutana, unasimama, unasema. Ukishinda, linachongwa jiwe jipya. Ukishindwa, unarudi mkutano ujao.